Swali la msomaji: Tunahamishaje ukusanyaji wa asaimenti kwenda mtandaoni?

Msomaji anauliza: "Chuo chetu kina wanafunzi wapatao 1,200 na wahadhiri na wakufunzi 60. Mpaka sasa asaimenti zinaletwa kwa njia tatu: karatasi kwenye sanduku la idara, baruapepe ya mhadhiri, na makundi ya WhatsApp. Kila muhula hatukosi ugomvi wa 'mimi nilileta' na 'mimi sikuiona'. Nimekabidhiwa kuweka mfumo wa mtandaoni kuanzia muhula ujao. Nianzie wapi, na nijihadhari na nini?"

Anzia kwenye huo ugomvi. Mfumo wa kukusanya kazi unapaswa kujibu maswali matatu bila kumpigia mtu simu: kazi hii ni ya nani, imefika saa ngapi, na faili linafunguka au halifunguki. Maoni ya mhadhiri, alama na ripoti za kufanana kwa maandishi ni muhimu pia, lakini yote hayo yanakaa juu ya majibu hayo matatu. Majibu hayo yakiyumba, mtakuwa mmehamisha ugomvi kutoka kwenye sanduku la idara na kuupeleka kwenye skrini.

Kuhusu programu sitakaa sana. Kwa chuo cha ukubwa wenu, wengi huchagua kati ya Moodle na Google Classroom. Moodle ni programu huria, haina ada ya leseni, na ina karibu kila kitu ambacho ofisi ya mitihani itakuja kuuliza: kuficha majina, wasahihishaji wawili, kushikilia alama mpaka zipitishwe. Gharama yake ni seva, na mtu anayejua kuilea. Google Classroom haihitaji seva, mnaanza wiki hiyo hiyo, ila kwenye taratibu za usahihishaji ni nyepesi mno. Kama mna hata mtu mmoja asiyeogopa Linux (mfumo endeshi unaotumika kwenye seva nyingi), nashauri Moodle, na mifano mingi hapa chini ni ya Moodle. Fomu ya Google yenye sehemu ya kupakia faili isiwavutie. Mafaili yote huingia kwenye hifadhi ya aliyetengeneza fomu, na siku mtu huyo akihama chuo mtaanza kutafutana.

Vyovyote mtakavyochagua, njia iwe moja. Mhadhiri mmoja akiendelea kupokea kwa WhatsApp "kwa huruma", ndani ya wiki tatu darasa zima litakuwa limerudi huko.

Majina kwanza

Kabla hujagusa mpangilio wowote wa kazi, omba orodha kutoka ofisi ya msajili. Usiwaachie wanafunzi wajisajili wenyewe, maana utapata akaunti tatu za mtu mmoja, majina ya utani, na baruapepe alizosahau nenosiri lake. Akaunti itengenezwe na chuo, na jina la kuingilia liwe namba ya usajili kwa herufi ndogo. Moodle hupokea orodha ya CSV (jedwali la maandishi matupu, safu zikitenganishwa kwa koma) yenye safu kama username, firstname, lastname, email, idnumber, course1 na group1. Kwa faili hilo moja unatengeneza akaunti, unamwingiza mwanafunzi kwenye kozi na kumweka kwenye kundi lake.

Hapa ndipo Excel inapowachezea watu. Fungua CSV kwa kuibonyeza mara mbili, na namba 00712 inageuka 712, bila onyo. Namba yenye umbo la 3-12 hugeuka kuwa tarehe. Ukihifadhi tu, umeharibu orodha, na mwanafunzi 00712 ataambiwa hayupo. Ingiza data kupitia menyu ya kuleta data kutoka faili la maandishi, chagua safu za namba ziwe za maandishi, na uhifadhi kwa UTF-8, yaani usimbaji wa herufi unaobeba alama zote, ili majina yenye apostrofi na alama nyingine yasivurugike. Kisha hesabu mistari: wanafunzi walioko kwa msajili walingane na akaunti zilizoko kwenye mfumo. Tofauti ya hata mmoja itafute siku hiyo hiyo.

Upande wa wafanyakazi, toa ruhusa kwa ubahili. Mhadhiri mwenye kozi apewe haki ya kuhariri kozi yake. Msaidizi anayesahihisha tu apewe nafasi ya mwalimu asiyehariri: anaona kazi na kuweka alama lakini hawezi kubadili tarehe ya mwisho wala kufuta chochote. Mtahini wa nje apewe nafasi ya kusoma tu, na uandikishaji wake uwekewe tarehe ya kuisha. Mkuu wa idara hahitaji kuwa msimamizi wa mfumo mzima, hata akisisitiza vipi.

Tarehe ya mwisho ina mitego mitatu

Katika Moodle kuna tarehe mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni tarehe ya mwisho: ikipita, mfumo unaendelea kupokea ila unaandika kwamba kazi imechelewa, na kwa muda gani. Ya pili ni ya kufunga: ikipita, mlango hauingiliki. Ukiacha ya kufunga wazi, kazi zitapokelewa hata miezi mitatu baadaye. Ukizifananisha zote mbili, aliyechelewa kwa sekunde 40 anafungiwa nje kabisa, naye atafanya nini? Atamtumia mhadhiri kwa WhatsApp. Weka nafasi kati yake, sawa na muda ambao kanuni zenu zinaruhusu kazi iliyochelewa kupokelewa kwa kukatwa alama. Kama kanuni inasema siku tano, iwe siku tano. Mfumo uandike ukweli wa saa. Adhabu iamuliwe na kanuni.

Mtego wa pili ni saa zenyewe, na kwetu tunaosema Kiswahili huu ni mkubwa kuliko unavyodhani. Mhadhiri amekusudia saa kumi na moja jioni. Anafungua mpangilio, anaona sehemu ya saa, anachagua 11:00. Mfumo unafunga saa tano asubuhi, darasa likiwa bado linaandika hitimisho. Alipaswa kuchagua 17:00. Mwingine anaacha saa ambayo Moodle hupendekeza yenyewe, yaani siku saba mbele saa 00:00. Ikiwa imeandikwa Ijumaa 00:00, huo ni usiku wa kuamkia Ijumaa: kwa mwanafunzi siku yenyewe ya Alhamisi ndiyo imeisha. Yeye amesoma neno "Ijumaa" na anajua ana Ijumaa nzima. Kwa hiyo pigeni marufuku saa 00:00 kwa kazi yoyote, na kila tangazo liandike saa kwa namna zote mbili: saa 11:00 jioni (17:00).

Mtego wa tatu ni saa ya seva. Iunganishe na NTP (huduma ya kusawazisha saa kupitia mtandao) ili isiteleze, na kwenye mipangilio ya mfumo lazimisha ukanda mmoja wa saa kwa watumiaji wote. Usipofanya hivyo, mwanafunzi ambaye wasifu wake uko kwenye ukanda mwingine ataonyeshwa muda wake, si wenu, na picha yake ya skrini itakuwa ya kweli kabisa.

Nachagua saa 17:00 siku ya kazi kuliko 23:59. Watu hudhani saa 23:59 ni ukarimu kwa mwanafunzi. Kwa kweli inamwacha peke yake: saa hiyo hakuna wa kupokea simu, na seva ikigoma, hakuna wa kuiamsha mpaka asubuhi. Epukeni Ijumaa pia. Jumanne hadi Alhamisi mnabaki na siku ya kusafisha makosa.

Wenye ruhusa ya muda wa ziada, kwa ugonjwa au ulemavu, wawekewe ndani ya mfumo, kila mmoja kwa jina lake au kwa kundi, kabla ya siku yenyewe. Ruhusa ya mdomo haionekani kwenye rekodi, na msahihishaji ataona tu maneno mekundu ya kuchelewa.

Ukubwa wa faili: dari ya chini ndiyo inayoamua

Lalamiko la kwanza mtakalopata ni "linakataa kupakia". Dari za ukubwa zimepangana, na iliyo chini kuliko zote ndiyo inayotawala. PHP, lugha ambayo Moodle imeandikwa kwayo, ikiwa haijaguswa, upload_max_filesize ni MB 2 na post_max_size ni MB 8. Seva ya nginx, programu inayopokea maombi ya vivinjari, isipoguswa huruhusu MB 1 tu kupitia client_max_body_size. Juu ya hizo kuna dari ya Moodle nzima, kisha ya kozi, kisha ya kazi yenyewe. Mhadhiri anaweza kuwa na uhakika ameweka MB 50, na kila kitu bado kikakwama kwenye MB 1 ya nginx.

Dalili zinakuambia ni wapi. Ukiona kosa namba 413, ni nginx. Ukurasa ukirudi kana kwamba mwanafunzi hakutuma chochote, au ukitoa ujumbe usioeleweka, shuku post_max_size: ombi likiivuka, PHP hutupa data yote ya fomu, hivyo programu inaona fomu tupu. Panga namna hii: client_max_body_size iwe MB 70, post_max_size MB 68, upload_max_filesize MB 64. Kazi za kawaida za maandishi ziwekewe MB 10, na zile za michoro au picha MB 50. Anzisha upya PHP-FPM (huduma inayoendesha PHP) na nginx baada ya kubadili, la sivyo utabaki unashangaa kwa nini hakuna kilichobadilika. Halafu pakia mwenyewe faili linalokaribia MB 50 kutoka kwenye simu, nje ya mtandao wa chuo.

Je, laini yenu itahimili? Chukua wanafunzi 400 wenye kazi ya MB 8, wote wakipakia nusu saa ya mwisho, na ndivyo wanavyofanya. Hiyo ni MB 3,200 kwa sekunde 1,800, yaani karibu MB 1.8 kila sekunde, sawa na megabiti 14 kwa sekunde kwa wastani. Wastani hudanganya, kwa sababu dakika tano za mwisho ni nzito zaidi, hivyo panga mara tatu ya hapo. Kama seva iko chuoni na inagawana intaneti na maabara za kompyuta, huo ndio wakati itakaposongwa. Njia rahisi kuliko kununua laini kubwa ni kutawanya tarehe: ofisi ya taaluma iwe na kalenda moja, na kozi mbili zenye wanafunzi wengi zisigongane siku moja.

Diski nayo ina hesabu yake. Wanafunzi 1,200, kozi sita, kazi tatu kwa kozi, MB 4 kila moja: ni takriban GB 86 kwa muhula. Zidisha kwa miaka mtakayotunza, kisha kwa mbili kwa ajili ya nakala rudufu.

Mafaili yanayosumbua

Ruhusu PDF peke yake pale ambapo mhadhiri anataka kuandika maoni juu ya ukurasa kwenye skrini. Moodle hutumia programu nyingine, Ghostscript, kuandaa kurasa hizo, hivyo hakikisha imewekwa kwenye seva na njia yake imeandikwa sahihi kwenye mipangilio. Faili la Word huhitaji kibadilishi kingine tena, na hicho kisipokuwepo msahihishaji hataona kurasa za kuandikia. Palipo na haja ya kuhesabu maneno au kuona marekebisho, ruhusu docx.

Kazi zilizoandikwa kwa mkono na kupigwa picha ni mtihani. Picha moja ya simu ni MB 3 hadi 5, kurasa 12 zinakaribia MB 50, zimelala upande, na nyingine ni HEIC ya iPhone ambayo kompyuta ya mhadhiri haiifungui. Wafundishe watumie uwezo wa kuskani uliomo kwenye simu: programu ya Google Drive kwenye Android inao, na Notes kwenye iPhone inao. Kurasa zote zinatoka katika PDF moja, mara nyingi chini ya MB 5.

Kuna faili moja dogo ambalo linapasa kujulikana na kila anayehudumia wanafunzi. Mwanafunzi anapakia kutoka kwenye flashi huku Word ikiwa bado imefungua kazi. Kwenye folda kunaonekana mafaili mawili yanayofanana, moja likianza na alama ~$, naye anachagua hilo. Mfumo unalipokea vizuri kabisa kwa sababu jina lake linaishia na docx. Ukubwa wake ni baiti 162. Ni faili la muda ambalo Word hulitumia kujua nani amefungua waraka, na ndani yake hakuna hata neno la insha. Kwa hiyo orodha ya kazi zilizopokelewa ipangwe kwa ukubwa mara tu muda unapofika. Chochote chini ya KB 5 kiangaliwe papo hapo, kabla mhadhiri hajakikuta wiki mbili baadaye.

Viungo vya Google Docs msivipokee badala ya faili. Kiungo kinafungua waraka ambao mwanafunzi anaweza kuuhariri usiku ule ule baada ya muda kwisha, na mara nyingi kinamwambia msahihishaji aombe ruhusa. Kwa video ndefu hamtakuwa na ujanja zaidi ya kiungo. Hapo dai pia PDF ya ukurasa mmoja yenye kiungo hicho na urefu wa video, ili angalau kuwe na rekodi ya kilichowasilishwa.

Rasimu, kitufe na stakabadhi

Moodle ina mpangilio unaomtaka mwanafunzi abonyeze kitufe cha kuwasilisha baada ya kupakia. Ukiuwasha, faili lililopakiwa linabaki rasimu mpaka kitufe kibonyezwe. Faida ni kwamba mwanafunzi anathibitisha amemaliza na kazi haibadiliki tena. Hasara mtaiona kazi ya kwanza tu: wapo watakaopakia, waone jina la faili lao kwenye skrini, wafunge kompyuta kwa amani. Msahihishaji anaona "rasimu, haijawasilishwa". Kwa muhula wa kwanza, zima mpangilio huo kwenye kazi za kawaida na uuwashe kwa kazi kubwa za mwisho pekee. Mkiuwasha, kanuni iseme wazi rasimu iliyokuwepo wakati wa kufunga inahesabiwaje. Mimi ningeihesabu kuwa imewasilishwa. Faili lilishafika.

Programu ya simu ya Moodle nayo ina kitu kama hicho: mtu asiye na mtandao anaweza kuhifadhi kazi ndani ya simu, nayo ikasubiri. Haijafika kwenye seva mpaka simu ipate mtandao na kulinganisha data. Wanafunzi waambiwe hivyo kwa maneno hayo hayo.

Stakabadhi ndiyo silaha yenu. Washa taarifa ya baruapepe kwa kila kazi inayopokelewa, na weka sheria fupi: asiye na stakabadhi ajihesabu hajawasilisha, atafute msaada kabla ya muda kuisha. Ili baruapepe hizo zifike, mambo mawili lazima yawe sawa. Kwanza, programu ndogo ya Moodle inayofanya shughuli za nyuma ya pazia, admin/cli/cron.php, iendeshwe kila dakika moja. Ikisimama, ujumbe haupeperushwi na PDF hazibadilishwi, huku tovuti ikionekana nzima. Pili, rekodi za SPF na DKIM za kikoa chenu, zinazothibitisha kwamba baruapepe imetoka kwenu kweli, ziwe sahihi, la sivyo stakabadhi zote zitaishia kwenye takataka za Gmail.

Kazi za makundi zina mtego wa kipekee. Ukiruhusu uwasilishaji wa kikundi bila kulazimisha kila mtu awe na kikundi, wote wasio na kikundi huwekwa pamoja kwenye kikundi kimoja cha chaguo-msingi. Wanaotumia kikundi hicho wana uwasilishaji mmoja, kwa hiyo Asha anapakia, Juma anaona kazi ya Asha, anaifuta aweke yake. Lazimisha kikundi, na kagua orodha kabla ya kufungua kazi.

Wahadhiri

Mafunzo ya saa moja na nusu yanatosha, mradi nusu saa ya kwanza wakae kama wanafunzi: waingie, wapakie, wakosee, wapate stakabadhi. Mhadhiri ambaye hajawahi kuona skrini ya mwanafunzi hawezi kumsaidia.

Wengi hawapendi kusahihisha kwenye kivinjari, na hawalazimiki. Wanaweza kupakua kazi zote kwa faili moja la zip, kusahihisha bila intaneti, na kurudisha mafaili ya maoni kwa zip nyingine. Sharti ni moja: majina ya folda na mafaili yasiguswe, kwa sababu mfumo unamtambua mwenye kazi kupitia majina hayo. Alama zinaweza kujazwa kwenye jedwali la CSV linalopakuliwa na kurudishwa, na hapo tena safu ya utambulisho iachwe ilivyo.

Ofisi ya mitihani ikitaka majina yafichwe, mpangilio huo uwashwe kabla mtu wa kwanza hajawasilisha. Kufunua majina ni hatua isiyorudi nyuma, na alama haziingii kwenye daftari la alama mpaka yafunuliwe. Na mfumo unaficha jina kwenye orodha tu, ukurasa wa kwanza wa kazi wenye "Imeandaliwa na..." unabatilisha yote, vivyo hivyo jina la faili na jina la mwandishi lililofichwa ndani ya sifa za docx. Waandike namba ya usajili pekee, au namba ya mtihani kama mnayo.

Tumieni utaratibu wa hatua za usahihishaji: kazi inapita kutoka kusahihishwa, kuhakikiwa, kuwa tayari, hadi kutolewa. Alama hazionekani kwa mwanafunzi mpaka hatua ya mwisho. Bila huo, mhadhiri akisahihisha kumi za kwanza Jumatatu, Jumatatu hiyo hiyo wenye hizo kumi wataziona na waliobaki watajaa mlangoni.

Kuhusu programu za kupima kufanana kwa maandishi, kama Turnitin: asilimia inayotoka ni kiasi cha maneno yanayofanana na vyanzo, si hukumu ya wizi. Nukuu, orodha ya marejeo na maswali ya asaimenti yenyewe hupandisha namba. Mkiruhusu rasimu zipimwe, zisihifadhiwe kwenye hazina yao, maana kazi ya mwisho inaweza kuja kufananishwa na rasimu ya mtu huyo huyo na kutoa asilimia ya kutisha.

Mambo yakiharibika

Andikeni kanuni ya kukatika kabla ya kukatika. Yangu ingekuwa hii: mfumo ukizimika kwa zaidi ya dakika 30 ndani ya saa nne za mwisho, tarehe inasogea hadi saa ile ile siku ya kazi inayofuata, kwa wote, na anayetangaza ni ofisi moja. Anwani moja ya dharura ya baruapepe iwepo, ifahamike kuwa inapokea kazi wakati wa kukatika tu. Kumbuka kiambatisho huvimba kwa takriban theluthi moja kinaposafirishwa, kwa hiyo kikomo cha MB 25 cha Gmail kinabeba faili la kama MB 18.

Faili lisilofunguka linahitaji kanuni yake, kwa kuwa wapo wanaoharibu faili makusudi ili wapate siku mbili. Docx halisi ni zip: ukiifungua kwa kihariri cha maandishi, herufi mbili za mwanzo ni PK. PDF huanza na %PDF. Faili lisiloanza hivyo huenda ni kitu kingine kilichobadilishwa jina, au limevurugwa. Usimshutumu mtu kwa hilo peke yake, kwani flashi mbovu nazo hufanya hivyo. Mpe saa 24 alete nakala nzima, na saa ya kuwasilisha ihesabiwe ya nakala hiyo mpya.

Nakala rudufu ya Moodle ni vitu viwili kwa pamoja: hifadhidata, na folda ya moodledata yenye mafaili. Moja bila nyingine haina thamani. Tanguliza hifadhidata, kisha mafaili, ili kila faili linalotajwa kwenye hifadhidata liwemo kwenye nakala. Chukueni kila usiku, zitunzwe kwenye mashine nyingine, na mara moja kwa muhula zirudishwe kwenye seva ya majaribio muone kama kazi zinafunguka.

Wiki ya kwanza ya muhula, kila mwanafunzi apakie kazi ya mazoezi isiyo na alama: PDF ya ukurasa mmoja yenye namba yake. Wiki ya pili, wasioonekana watafutwe mmoja mmoja. Hapo ndipo mtakapokuta nenosiri lililopotea na wale ambao hawamo kwenye orodha ya msajili kabisa. Anzeni na idara moja au mbili, kazi ndogo kwanza. Idara nyingine zifuate baada ya kazi mbili kupita salama, hata kama mkuu wa chuo anataka zote siku moja.

Na tangazo la kila kazi liwe na umbo lile lile kwa kozi zote, fupi kiasi hiki:

"Insha ya pili. Mwisho: Jumatano tarehe 12, saa 11:00 jioni (17:00). Mlango unafungwa kabisa: Jumatatu tarehe 17, saa 11:00 jioni (17:00). Faili moja la PDF, lisizidi MB 10, jina lake liwe namba yako ya usajili. Baada ya kupakia, pakua faili lako kutoka kwenye mfumo na ulifungue. Stakabadhi itakuja kwa baruapepe ya chuo ndani ya dakika chache. Isipokuja, andikia dawati la msaada kabla ya saa 11:00 jioni (17:00) ukitaja namba yako ya usajili, kozi, na picha ya skrini inayoonyesha saa."